Kola za Kwaya ya Kianda

Mungu alimpa Filister kila kitu anachohitaji mwanadamu hapa duniani, isipokuwa shingo. Kichwa chake kilitua moja kwa moja juu ya mabega, kikakaa hapo vizuri tu, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Kwa hiyo Nelima alipompelekea mchoro wa sare mpya ya kwaya, gauni la kitenge lenye kola ndefu ya kusimama, kola inayopanda mpaka chini ya kidevu, alikuwa amejiandaa kwa vita. Huyu Filister ndiye aliyewahi kumrudishia blauzi moja mara tatu kwa sababu ya kifungo kimoja. Njiani Nelima alipanga hoja zake zote: kwamba kola ni heshima, kwamba ni mtindo wa sasa, kwamba waamuzi wanapenda kitu kilichosimama.

Filister, Mama Billy kwa wenzake, alikuwa kwenye kibanda chake cha chapati na maharagwe ya madondo, pale Kianda. Aliutazama mchoro kwa jicho moja huku jicho la pili likiangalia kikaango.

"Iko sawa," akasema. "Tunaipenda."

"Tunaipenda na nani? Hujaonyesha wengine, Mama Billy."

"Mwenyekiti ni nani? Nikipenda, wamependa. Shona."

Basi Nelima akaondoka na ushindi wake mkononi, na ushindi huo ukamtia wasiwasi zaidi kuliko vita vyenyewe.

Nelima alikuwa fundi wa nguo, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu kutoka upande wa Bungoma. Alilala Kianda, Kibera, na cherehani yake ililala kwenye kibanda mtaa wa Kongo, Kawangware, kwa hiyo kila asubuhi alikata mitaa kwa miguu kutoka nyumba moja hadi nyingine, maana kile kibanda cha Kongo kwake kilikuwa nyumba kabisa. Mtaani walimwita Mama Derrick. Kanisani walimwita "sauti", na hawakuwa wanatania. Ndiye aliyekuwa mwanzishi wa kwaya ya akina mama wa Kianda. Wimbo ukitaka kuanza, watu wote wananyamaza, Nelima anainua uso, anaachilia ile sauti moja peke yake, na hata wale waliokuja kanisani kwa ajili ya chai tu wanasahau chai.

Hayo yalikuwa kabla ya Novemba.

Siku hiyo ya Novemba alikuwa amesimama mbele ya kioo cha wateja, anajipima blauzi ya mtu aliyelingana naye mwili, pini tano zikiwa zimebanwa midomoni. Akameza mate. Upande wa kulia wa koo, kitu kikapanda, kikashuka. Alidhani ni kivuli. Akatoa pini, akasogea, akameza tena. Kikapanda tena, kikashuka tena, kitu cha ukubwa wa ndimu changa, hakina haraka, kama mtu aliyehamia zamani na sasa ameamua kuchungulia dirishani.

Mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa mume wake, Wepukhulu, seremala wa vitanda na milango. Wepukhulu alimleta mlangoni kwenye mwanga, akamwinua kidevu kwa kidole, akatazama kwa makini yale yale anayotazamia ubao kabla ya kuununua.

"Hii ni ndogo," akasema. "Mimi nimewahi kuwa na jipu kubwa kuliko hii, na unajua lilikuwa wapi."

Nelima alicheka, lakini Wepukhulu mwenyewe hakucheka, na kesho yake walikuwa wote wawili kwenye foleni ya hospitali. Nelima akapigwa picha ile ya kupakwa mafuta baridi. Wakapewa tarehe ya kurudi. Januari akachomwa kisindano chembamba, wakatoa maji kidogo ya kile kinundu wakayapeleka kupimwa, na wakaambiwa majibu yatachukua wiki tatu. Muuguzi alieleza vizuri sana kwamba mara nyingi huwa si kitu kibaya. Nelima alisikia neno "kibaya" akaenda nalo nyumbani.

Sasa, wapo watu ambao wakiogopa hupiga kelele. Nelima akiogopa hupunguza. Alipunguza kila kitu. Aliacha kunywa soda kwa chupa, kwa sababu kuinua chupa ni kuinua kidevu. Kwenye harusi ya binti wa jirani alifunga chakula chake kwenye karatasi akasema atakula nyumbani, maana kila tonge lingekipandisha kile kinundu na kukishusha mbele ya meza nzima. Alinunua skafu tano za mtumba akazivaa kwa zamu katika jua la Januari, jua ambalo hata mbuzi wa Kawangware hutafuta kivuli. Akicheka, alichekea kifuani. Mtu asiyemjua angesema huyu mama ni mpole. Sisi tunaomjua tunasema alikuwa anaishi nusu.

Na ndani ya zile wiki tatu akaanza kumwandaa mume wake kwa ujane, bila kumwambia. Aliandika karatasi akazibandika kwenye mikebe ya jikoni. Chumvi. Sukari. Unga wa uji. Wepukhulu aliporudi kazini akakuta mkebe umeandikwa "Majani ya chai, usiweke mengi", aliketi kitandani na mkebe mapajani akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha machozi yakaendelea kutoka baada ya kicheko kuisha, na Nelima akaja akaketi karibu naye, wakakaa hivyo.

"Mimi naweka ngapi kwa kawaida?" Wepukhulu akauliza.

"Unaweka mengi."

"Basi usiende popote."

Ni katikati ya kungoja huko ndipo Filister alipoleta habari ya tamasha. Kwaya kumi na mbili zingekutana Riruta Satellite, Jumapili ya tatu ya Februari, kushindania ngao. Kianda walikuwa wameshiriki miaka mitatu mfululizo, na miaka yote mitatu walikuwa wa mwisho, isipokuwa mwaka mmoja ambapo kwaya moja haikufika. Safari hii walikuwa na wimbo waliotunga wenyewe. Ulianza kwa sauti ya mtu mmoja, "Niite, niko mlangoni," na hapo kwenye "mlangoni" sauti ilipanda mahali ambapo Nelima peke yake, katika kwaya nzima, aliwahi kufika akarudi salama.

Alitaka kukataa. Alishafungua mdomo. Akaona kwamba akikataa atalazimika kusema kwa nini, akaufunga. Kisha akili ya fundi ikamjia na jibu la kifundi.

"Nitaanzisha," akasema, "lakini sare nachora mimi."

"Chora," akasema Filister.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mwanamke mmoja mwenye kola ndefu watu watamuuliza ana nini. Wanawake ishirini na wawili wenye kola ndefu, hiyo ni sare. Alichukua kitenge cha samawati na manjano, akakata kola pana kama kiganja, akatia ndani kile kitambaa kigumu cha kola za mashati, tena mara mbili, ili isije ikalegea ikamwaibisha. Wanakwaya walikuja Kongo mmoja mmoja kupimwa. Wanza, mama wa Kikamba anayeuza mboga, alisimama akapandisha kidevu akavumilia. Christine, mdogo wao wote, msusi wa saluni pale Kianda, naye akavumilia. Nelima aliwasikiliza kwa sikio la wizi akingoja malalamiko, na hayakuja. Wote walisema iko poa. Alianza kujiona bingwa wa mitindo.

Kitu kimoja tu kilimuuma. Mwanzoni mwa Desemba Filister alimwambia mazoezi ya Jumatano yamefutwa kwa sababu vijana wamechukua ukumbi, na tangu hapo wakabaki na ya Jumamosi tu. Lakini Jumatano moja Nelima alipita karibu akasikia sauti za akina mama humo ndani. Hakuingia. Akajiambia pengine wanamtafuta mwanzishi mwingine, na kwamba hata yeye angemtafuta.

Wiki ya kwanza ya Februari majibu yakatoka. Daktari Wangoi alikuwa msichana mwembamba mwenye raba miguuni, na alikuwa na tabia nzuri ya kusema jambo kabla ya maelezo yake.

"Mama, si kansa."

"Rudia," Nelima akasema.

"Si kansa. Tezi yako ya koo, hiyo wanaita thairoidi, imeota kinundu. Wanawake wengi wanavyo na hawajui. Chako hakina ubaya, na damu inaonyesha tezi inafanya kazi yake vizuri. Tutakuwa tunakiangalia kwa picha kila mwaka. Kikikua, au kikianza kukusumbua kumeza au kupumua, hapo tutaongea mambo ya kukitoa."

"Kwa hivyo leo hamkitoi."

"Leo hatukitoi."

Wepukhulu alisimama akampa daktari mkono. Akampa mkono muuguzi. Akatoka nje akampa mkono mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni, mtu asiyemjua, kisha akarudi akampa daktari mkono mara ya pili. Nelima alicheka na kulia pamoja, na huku anacheka, mkono wake ukaokota skafu kwenye meza ukaizungusha shingoni, mara moja, mara mbili, ukaifunga. Yeye mwenyewe hakujua mkono umefanya hivyo. Daktari aliona.

"Mama Derrick, tangu ukione hicho kitu, ni nini umeacha kufanya?"

"Hakuna."

Wepukhulu akakohoa.

"Kucheka," akasema. "Kula mbele ya watu. Na siku hizi akiimba anaangalia chini kama mtu ameangusha sindano."

Daktari Wangoi alifunga faili. "Kinundu naweza kupima. Hayo mengine sina mashine yake, na hii karatasi yangu haiyaondoi. Watu wengi wanatoka hapa na majibu mazuri na bado wanaishi kama wagonjwa. Mbali na mzee, kuna mtu mwingine unaweza kumwambia?"

Nelima akasema atafikiria, kwa ile sauti ambayo watu hutumia wakiwa wameshamaliza kufikiria.

Jioni hiyo nyumbani kwao kulikuwa na sherehe ya watu wawili. Wepukhulu alibandua karatasi zote kwenye mikebe akazitia jikoni motoni, akapika chai yeye mwenyewe, akaweka majani mengi. Walikunywa hiyo chai nyeusi kama lami na ikawa tamu kuliko chai zote. Lakini asubuhi Nelima alisimama mbele ya kioo akameza mate, na kile kitu kikapanda, kikashuka. Alikuwa mzima. Furaha ilikuwa ya kweli, imejaa kifua. Na bado hakutaka mtu akione. Akaenda Kongo akaendelea kushona kola.

Hapa lazima mtu aelewe jambo moja kuhusu kwaya zetu. Sare mpya haivaliwi kabla ya siku yake. Inapimwa kwa fundi, inafungwa kwenye mfuko, na haitoki nje mpaka asubuhi ya tamasha, kwa sababu kwaya nyingine zina macho, na zikiona kitenge chako leo utakikuta kwao Jumapili. Kwa hiyo wale wanawake ishirini na wawili walikuwa wamesimama ndani ya zile kola, wamenyamaza ndani ya zile kola, wamejitazama kwenye kioo ndani ya zile kola. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameimba ndani yake.

Jumapili ilifika na jua lake lote. Uwanja wa kanisa la Satellite ulijaa kwaya za kila rangi, akina mama wa Kawangware kwa kijani, wa Dagoretti kwa zambarau, na Kianda walipoingia na samawati yao, wamenyooka, videvu juu, hawawezi kuangalia chini hata wakitaka, watu waligeuka. Kwa dakika kumi walionekana kama malkia ishirini na wawili. Walikuwa namba tisa. Wakaenda nyuma ya ukumbi, kando ya ukuta, kupasha sauti.

Nelima akawapa sauti. Wakavuta pumzi. Kilichotoka hakikuwa wimbo.

Soprano walifika katikati wakakwama, maana mtu akitaka kupanda juu kidevu hufunguka, na videvu vilikuwa vimekaliwa. Wa sauti ya chini nao walihitaji kushusha kidevu, na chini hakukuwa na mahali pa kukishusha. Wanza alisikika kama mtu anayeita kuku akiwa ndani ya pipa. Filister alikuwa amebadilika rangi. Wakajaribu tena, ikawa mbaya zaidi, na ndani ya ukumbi wakasikia kwaya namba sita ikishangiliwa.

Filister akaingiza vidole viwili kati ya kola na nyama yake, kwa shida, akavuta hewa.

"Mama Derrick. Wembe uko?"

Fundi hatembei bila wembe. Nelima alikuwa na mikasi, nyembe mbili, pini na uzi ndani ya mkoba, na alijua kabla hajaufungua kwamba mwisho wake umefika. Lakini kwaya ilikuwa inakufa. Akamsimamisha Filister, akafumua kola kwa wembe, mshono baada ya mshono, akaikunja ncha ya shingo kwa ndani akaishika kwa pini. Filister akashusha pumzi iliyosikika mpaka barabarani. Nelima akampa Christine wembe wa pili, akamwonyesha uzi wa kukata, na wakaenda hivyo, mmoja baada ya mwingine, Filister akipanga foleni kama karani. Ndani ya ukumbi mgeni wa heshima aliomba kusema maneno mawili kabla ya namba saba, akasema mia nane, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kanisa watu waliombea hotuba iendelee. Kola zikarundikana kwenye nyasi. Nyuma ya kila kola iliyotoka kulikuwa na mwanamke anayejipapasa koo na kutabasamu.

Namba nane ilipoitwa, walikuwa wamebaki na kola moja.

"Njoo," Filister akamwambia Nelima. "Yako."

"Yangu iache. Mimi nimeizoea."

"Sare ni sare. Kuna alama kumi za mavazi. Watu ishirini na moja wako shingo wazi, na yule wa mbele amefungwa kama kifurushi?"

"Mama Billy, siwezi."

"Niambie ni kwa nini huwezi."

Filister alisema hivyo kwa upole, na upole haukuwa kawaida yake. Nelima akawaangalia. Uongo wote aliokuwa ameuweka akiba, wa kikohozi, wa koo kuuma, wa upepo, ulikuwepo, tayari, angeweza kuchukua wowote. Ndani namba nane ilikuwa imeanza kuimba na ilikuwa inaimba vizuri. Akaona zile kola ishirini na moja kwenye nyasi, kazi yake ya mwezi mzima, na aibu ikamshika, si ya kile kinundu, ila ya kile alichokuwa amewafanyia.

"Niko na kitu kwa shingo," akasema. "Tangu Novemba. Kinaonekana. Nimeenda hospitali, wamenichoma sindano, wamesema si kansa, lakini hawakitoi, kitakaa tu hapo. Hizo kola nilizishona ili msikione. Niliwafunga shingo nyote kwa sababu yangu, na sasa karibu niwaue. Mnisamehe."

Kisha Christine akauliza, polepole, "Mathe, umesema si kansa?"

"Si kansa."

Wanza akaketi chini, palepale kwenye vumbi, na kitenge chake kipya. Mwingine akageukia ukuta. Filister aliokota kola moja kwenye nyasi akajifunika nayo uso, na mabega yake makubwa yakaanza kutetemeka, na Nelima akadhani amekasirika mpaka alipotoa uso na kuona machozi yamefika kidevuni.

"Unajua tumengojea hilo neno tangu lini?" Filister akasema.

Nelima hakuelewa.

"Mimi ndio nilikiona kwanza," Christine akasema. "Si ulikuja nikuoshe nywele ile Novemba, ukalaza kichwa kwa sinki? Shingo yote ilikuwa nje. Nilidhani unajua, manze, nikaogopa kuuliza. Nikamwambia Mama Billy."

"Na mimi nikaita mkutano," akasema Filister. "Jumatano."

"Jumatano ukumbi uko na vijana."

"Vijana gani? Tangu Desemba, kila Jumatano tuko humo tunakuombea. Tulikubaliana hakuna mtu atakuuliza mpaka useme mwenyewe. Shingo ni yako. Halafu ukaleta ile karatasi yako ya kola, nikaona mara moja unataka nini. Nikawaambia hawa: mwenzetu anataka kufunika shingo, basi tutafunika zote, na mtu asilalamike. Na hawakulalamika." Akafuta macho kwa ile kola. "Na mimi hata shingo sina, Mama Derrick. Nilikuwa nafunika kidevu."

Wanza ndiye aliyeanza, kule chini kwenye vumbi. Kicheko kilimtoka puani, kikampata Christine, kikampata yule wa ukutani, na kikamfikia Nelima mahali ambapo miezi mitatu hakikuwa kimefika. Alicheka kichwa kikaenda nyuma, mdomo wazi, mpaka kola ikamkaba akaanza kukohoa, na hilo likawachekesha zaidi. Mzee wa kanisa akachungulia kwenye kona akasema akina mama, namba nane wanamaliza.

"Simama wima," Filister akasema, akichukua wembe. "Inua kidevu. Usitikisike, wewe unajua mteja anayetikisika anavyokatwa."

Nelima, aliyewainua watu videvu miaka ishirini, akainua chake. Alihisi mshono ukiachia upande wa nyuma, halafu upande wa kushoto, halafu wa kulia. Hewa ya Satellite, yenye harufu ya vumbi na mahindi ya kuchoma, ikamgusa koo. Filister akakunja ncha ndani, akatia pini, pini ikakaa upande, fundi angeirudia, na Nelima akaiacha hivyo hivyo. Wanawake wakasogea kutazama. Hawakutazama pembeni kwa adabu, walitazama kabisa, maana walikuwa wamekiombea kile kitu kwa miezi bila ruhusa ya kukiangalia.

"Ni hicho tu?" Wanza akasema. "Na vile nimefunga siku tatu?"

Wakaitwa namba tisa.

Ndani ya ukumbi watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye milango. Wepukhulu alikuwa mstari wa tatu, na alipomwona mke wake akiingia shingo wazi, alisimama, akakumbuka yuko kanisani, akaketi. Kwaya ikajipanga. Kwa desturi ya Kianda, mwanzishi huwageukia wenzake kwanza, akawapa sauti kwa siri, ndipo ageukie watu. Nelima akawageukia.

Hapo ndipo alipoona. Kule nje alikuwa na haraka, wembe na pini, hakuangalia. Sasa walikuwa wamesimama mbele yake kwa safu tatu, taa zikiwamulika, na kila mmoja wao alikuwa na alama shingoni. Kola ilikuwa imeacha mstari, umezama kwenye ngozi, umezunguka mzima mzima. Shingo ya Christine ilikuwa imechubuka. Ya Wanza ilikuwa imejaa vipele vya joto. Alama ya Filister ilikuwa kidevuni. Walikuwa wamevaa tangu alfajiri, wamekuja Kibera mpaka Satellite kwenye jua, na hakuna aliyefungua hata kifungo.

Nelima alizitazama shingo zote ishirini na moja. Akawapa sauti. Kisha akawageukia watu, akainua uso wake wote juu, akaanza.